Daftari Lenye Doa la Bitiruti

Aivo, daftari bado liko juu ya friji,
lile lenye doa la bitiruti ukurasa wa kwanza,
ulipomwaga supu kwa kicheko, siku tuliyoandika
jina la kampuni mara tatu, kila mara kwa kalamu nyingine,
kana kwamba wino ndio mtaji.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yetu ilikuwa na daftari.
Ilipotea na habari zake zote,
kwa tarehe, kwa saa, kwa senti,
na sahihi yangu chini.

Kusajili kulichukua dakika kumi na nane.
Ulibandika chai; haijachemka, tumeshakuwa wakurugenzi.
Hakuna aliyetuambia kwamba mlango wa kuingilia
ni mwepesi kama pazia
na wa kutokea una vitasa saba.

Kifaa chenyewe kidogo, unakijua:
kinaenea kiganjani, kinakaa ukingoni mwa paa,
kinasikiliza uzito wa theluji
kisha kinamwambia mlinzi wa jengo: leo,
kabla ya saa nne, hii itashuka. Wapitishe watu ng'ambo.
Mama yako alivunjwa bega na barafu ya paa
mbele ya duka la mikate. Wazo lilizaliwa pale,
si darasani kwa wanaofundisha ujasiriamali,
bali kwenye benchi la hospitali,
nyuma ya risiti ya maegesho.

Mwaka wa kwanza theluji haikuanguka.
Januari mvua. Februari mvua.
Vifaa mia mbili ndani ya maboksi chini ya kitanda changu,
nasi tunakodolea macho utabiri wa hewa
kama wakulima, ila sisi tuliomba balaa.
Niliona haya kuomba.
Niliomba.

Mwekezaji akaja kutoka Stockholm,
viatu vyake safi mno kwa Machi ya Tartu.
Akauliza, "Na kiangazi mnauza nini?"
Wewe ukanyamaza. Mimi nikajibu uongo.
Usiku ukanigombeza kwa kusema uongo,
asubuhi ukanigombeza kwa kuwa ulikuwa mdogo.

Mwisho wa mwezi haugongi hodi.
Niliuza gari, nikamlipa Kertu mshahara wake.
Hakujua. Alimnunulia mwanawe viatu vya kuteleza barafuni,
akanionyesha picha, akaniuliza kama si vizuri.
Vizuri, nilisema,
nikatembea kilomita sita kurudi nyumbani
nikihesabu nguzo za taa, maana kuhesabu pesa
kulikuwa kumeniishia.

Uliondoka Jumanne. Hukubamiza mlango.
Uliacha funguo ndani ya bahasha
na pasi ya kulehemu ikiwa bado ya moto.
Neno la siri la akaunti ni siku yako ya kuzaliwa mpaka leo.
Usidhani ni mapenzi:
benki inataka tuwe wawili ili kubadili chochote.

Sasa sikiliza. Alfajiri ya jana,
gizani, baridi ya kukata masikio,
kifaa namba thelathini na moja kililia
juu ya paa la shule, upande wa maktaba.
Mzee Uuno, mlinzi, yule aliyebishania bei
mpaka nikataka kumpa bure ili anyamaze,
alitoka na koti juu ya nguo za kulalia
akafunga utepe kutoka mti hadi mti.
Saa mbili na robo watoto wakapita ng'ambo
wakinung'unika kuhusu mzunguko.
Saa mbili na nusu paa likajitua mzigo.
Kishindo. Vumbi jeupe. Baiskeli moja imekunjika.

Basi. Hakuna gazeti lililoandika.
Kazi yetu ikifaulu, hakuna kinachotokea,
na mimi nimekaa hapa jikoni tangu asubuhi
nikijiuliza "hakuna kilichotokea"
huandikwaje kwenye ankara.

Uuno amelipa nusu.
Nusu nyingine, anasema, barafu ikiyeyuka.
Pesa imeingia, inaonekana, haigusiki.
Njoo, Aivo. Si lazima uvue koti.
Njoo utie sahihi.